Muratina Haipimwi kwa Pakiti

Mwaka jana, kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa kaka yangu karibu na Runyenjes, Embu, kijana mmoja aliyekuja na msafara wa bwana harusi alionja pombe ya wazee, akaitema nyasini. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe muratina ndiyo hii? Maji ya miwa yaliyooza." Wazee walitazama chini. Mimi nilipandwa na hasira, ila si kwa sababu ulimi wake ulimdanganya. Pombe ile ilikuwa mbaya kweli. Ilinukia unga wa mandazi, ilikwaruza koo, na povu lake lilikuwa limezimika kabla jua halijafika utosini. Aliyeitengeneza alichelewa, akatia pakiti tatu za hamira ya dukani ili iwahi wageni. Kosa la kijana ni jina aliloipa. Ile haikuwa muratina.

Muratina ni jina la mti, la tunda, na la pombe. Kwa Kiswahili mti huo ni mvungunya, wengine huuita mwegea, ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama soseji. Huku kwetu juu, kwenye chai, kahawa na ukungu, haustawi. Makao yake ni joto la Mbeere na Tharaka, kandokando ya mito inayoteremka kuelekea Tana. Asali nyingi nayo ilitoka huko huko chini. Miwa ilikuwa yetu, ya mabonde ya juu. Hivyo kibuyu kimoja cha pombe kilihitaji watu wa mlimani na watu wa tambarare wajuane, wakopeshane, na waaminiane. Kiembu huiita pombe hiyo njovi, Kimeru ncobi, na Embu na Meru, zilizotenganishwa na mto Thuci, zilikuwa na chachu moja.

Anayedhani tulitupa tu tunda kwenye maji tukangoja hajui kazi iliyokuwapo. Muratina bichi ni chungu, na huvuruga tumbo vibaya. Hupasuliwa, hutolewa mbegu, huchemshwa, kisha huanikwa juani mpaka zibaki nyuzi ngumu kama za dodoki. Hata hapo bado ni gogo lisilo na faida. Ni lazima lizamishwe kwenye pombe iliyo hai, lifundwe na wenzake wakubwa, na pombe hiyo ya kwanza humwagwa kwa sababu ya uchungu. Baada ya hapo ndipo linapokuwa na chachu. Kila pombe ikiiva, miratina hutolewa, huanikwa tena, huwekwa pakavu, ikingoja sherehe nyingine. Iliyotunzwa vizuri hutumika miaka na miaka. Ya babu yangu ilinizidi umri.

Huko Ufaransa, miaka ya 1850 na 1860, Louis Pasteur alieleza ulimwengu kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen aliweza kukuza chachu safi kutokana na chembe moja. Nawaheshimu. Wataalamu waliochunguza muratina nao wamekuta ndani yake Saccharomyces cerevisiae, aina ile ile inayoumua mkate na kuchachusha bia. Babu hakuijua kwa jina hilo, lakini alijua kwamba kuna kitu kinacholala kwenye nyuzi zile, kinachoamka kikipata utamu na joto, na kinachokufa kikimwagiwa maji ya moto. Alikuwa akisema miratina "imelala", kamwe hakusema "imekauka".

Wengi wakiandika kuhusu njovi hukimbilia vibuyu na nyimbo. Mimi nataka kukaa kwenye kipimo, kwa sababu kwangu mimi kipimo ndicho kilichokuwa mila yenyewe. Miwa ilitwangwa kwenye vinu, maji yake yakachujwa na kumiminwa kwenye kibuyu kikubwa karibu na moto, wala si juu ya moto. Kisha babu angekaa kimya. Angechukua miratina mmoja mmoja, aunuse, aukunje, autie ulimini. Uliofanya kazi wiki iliyopita ulikuwa na nguvu kuliko uliolala tangu mavuno. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali, vipande vitatu vilitosha kibuyu chetu. Julai, ukungu ukifunika migomba hadi saa tano, alitia vinne, mara nyingine vitano, na kuzungushia kibuyu blanketi. Baba aliwahi kumuuliza kwa nini asitie vinane mara moja, pombe iive haraka, watu wakalale. Babu alimjibu, "Ukileta wageni wengi kuliko chakula, watakula na mkeka."

Alisema kweli. Chachu ikizidi, huumaliza utamu kwa pupa. Povu humwagika, joto hupanda, pombe hutoka nyembamba na yenye harufu ya chachu yenyewe. Ikipungua, maji ya miwa hukaa wazi bila mlinzi, na vijidudu vingine huingia kabla haijapata nguvu. Asubuhi una siki. Watengenezaji bia wa nyumbani huko Ulaya na Marekani hutia pakiti ya gramu 11 kwenye lita 20 hivi, nao wana mabishano yao yale yale kuhusu kuzidisha na kupunguza. Ila gramu huhesabu unga uliotoka kiwandani ukiwa na nguvu moja. Muratina hauna gramu. Una historia, na ni lazima umjue aliyeutumia mwisho, lini, na kwa miwa au kwa asali. Usiku babu aliweka sikio kwenye kibuyu. Mlio ukiwa kama mvua ya mbali kwenye majani ya mgomba, alirudi kulala. Ukiwa mkali, alitoa kipande kimoja. Pombe ya miwa ilikuwa tayari kesho yake, ya asali ilitaka siku zaidi na subira zaidi.

Na aliyeipima ndiye aliyeionja kwanza, mbele ya wote, baada ya kumwagia ardhi kidogo kwa ajili ya waliotangulia. Hilo ndilo ninalolililia. Vijana hawakunywa. Pombe ilikuwa ya shughuli: ya ruracio, ya kusuluhisha mpaka wa shamba, ya kumpokea mtu katika rika la wazee. 

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Rais Moi alipiga marufuku pombe za kienyeji, na mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa, yaani gongo. Machoni mwa askari, mzee mwenye kibuyu cha baraka na mtu mwenye mtambo wa chang'aa mtoni wakawa mhalifu mmoja. Sheria ya vileo ya 2010, ile inayoitwa ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliifuta ile ya chang'aa, lakini ujuzi ulikuwa umeshajificha miaka thelathini, na kitu kinachopikwa kwa woga hupikwa haraka. Haraka ndiyo iliyoleta pakiti za hamira. Makanisa nayo yalifanya kazi yake. Mama yangu aliokoka, akatoa vibuyu vyote nje. Simlaumu, maana alikuwa ameona nyumba za jirani zikivunjika kwa ulevi, na hilo mimi sitalikana.

Lakini msiniambie kwamba mila yetu ndiyo iliyoua. Mei 2014 watu walikufa kwa makumi nchini, Embu ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoomboleza zaidi, na walionusurika wengine walipoteza macho. Walikunywa methanoli, kemikali ya viwandani, iliyochanganywa na watu wasiowajua, ikauzwa na watu wasioionja. Asali na maji ya miwa, kwa miratina, havizai sumu ya namna hiyo kwa kiasi cha kuua. Kilichokosekana siku zile ni mzee wa kuinywa kwanza.

Leo kwenye ruracio nyingi pombe hutajwa kwa shilingi. Bahasha hutolewa, mtu husema "hii ni ya pombe ya wazee", hupigiwa makofi, na soda hufunguliwa.

Baada ya aibu ile ya Runyenjes nilitafuta gunia la babu darini. Nilikuta vipande vitatu. Nikatia kimoja kwenye maji ya asali, nikakiweka karibu na jiko, nikasikiliza usiku mmoja, na wa pili, na wa tatu. Hakukuwa na mlio. Baba mdogo akaniambia havitaamka peke yao, vinahitaji wenzao walio hai. Basi nilipanda matatu hadi ng'ambo ya Kiritiri, kwa mama mmoja mzee ambaye mumewe alikuwa akibadilishana asali na babu. Alinitazama sana, kisha akaingia ndani akatoka na muratina mmoja, mweusi, mwepesi kama kiota.

"Mwanangu, huu hauuzwi," alisema. "Ukishawafunda hao wako, niletee mmoja wao."

Umo kwenye kibuyu sasa, pamoja na vile vitatu vya babu. Ni Julai, na nimekizungushia blanketi.