Binti wa kazi na mwajiri mgeni: mambo ya kujua kabla ya kukubaliana

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, kwa sehemu kubwa kwa kumegwa kutoka Shinyanga, Bariadi ikawa makao makuu. Ofisi zilipofunguliwa wakaja watumishi kutoka mbali: Kilimanjaro, Kagera, Mbeya na kwingineko. Mwalimu au muuguzi wa namna hiyo hana bibi wala shangazi hapa wa kumwachia mtoto. Likizo ya uzazi ya siku 84 ikiisha, anaanza kuulizia binti wa kumsaidia. Na binti huyo anatoka kwetu: Itilima, Meatu, Maswa, Busega.

Kwa hiyo msikilizaji, ndani ya nyumba ile wageni ni wawili. Mmoja ni mgeni wa mkoa, mwingine ni mgeni wa nyumba.

Maneno huanza wiki za mwanzo. Binti wa Kisukuma amefundishwa kumsalimu mkubwa kwa kupiga goti, kujibu kwa sauti ya chini na kutomkazia macho. Mwajiri aliyekulia kwingine humwona kama mtu anayeficha jambo, kumbe ndiyo heshima yake. Hata chakula ni hivyo hivyo. Binti anajua kusonga ugali, kupika mlenda na nsansa, kuandaa michembe. Kusema hajui kupika si kweli. Hajui kupika chakula chako. Mfundishe. Mtungi wa gesi na pasi ya umeme visielekezwe kwa mdomo tu: mwache afungue na kufunga mwenyewe ukiwa umesimama pale, leo, kesho na keshokutwa. Na mwite kwa jina lake. Wapo wanaoishi na binti mwaka mzima watoto wakimjua kwa jina la "dada" tu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi huachana vibaya.

Mfanyakazi wa majumbani ni mfanyakazi kamili chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayelala kwake. Viwango hivi hupitiwa upya, hivyo ulizeni ofisi ya kazi kiwango cha sasa kabla ya kukubaliana. Mfanyakazi anastahili pia mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo.

Mshahara ni wa binti mwenyewe. Kauli ya "nakutunzia, nitakupa zote ukirudi kwenu" inasikika kama wema, lakini imewaacha wengi stendi wakiwa na begi tu. Alipwe kila mwezi, mkononi au kwenye namba aliyoitaja yeye. Akitaka kumtumia baba fedha za palizi ya pamba, atatuma mwenyewe.

Vipi kuhusu sahani iliyovunjika? Mwajiri haruhusiwi kukata tu anavyoona. Sheria inataka binti awe amekubali makato kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake kazini, na apewe nafasi ya kujieleza. Makato yasizidi thamani ya kilichoharibika, na kwa jumla yasivuke robo ya mshahara. Mwenye kukata mshahara wote kwa sababu ya simu iliyoangukia maji amevunja sheria.

Umri nao wazazi tusiufumbie macho. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Aliyefikisha miaka 14 hufanya kazi nyepesi tu isiyomzuia kwenda shule, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kulea kichanga usiku kucha si kazi nyepesi.

Wapo mawakala wanaopita wakiahidi kazi Muscat au Dubai. Hiyo ni safari nyingine. Sheria yetu inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uwe wa maandishi. Human Rights Watch, katika ripoti ya Novemba 2017 kuhusu Watanzania wafanyao kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza visa vya pasi za kusafiria kuchukuliwa na mishahara kutolipwa. Kabla binti hajatoa pasi yake kwa mtu, mzazi aulize kwa TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kama wakala huyo anatambuliwa.

Ajira ikivunjika, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 baada ya mwezi wa kwanza kazini. Kama alichukuliwa Meatu na kazi imeishia Mwanza, mwajiri anagharamia usafiri wa kumrudisha Meatu pamoja na mizigo yake. Akifukuzwa bila haki, malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Siku hizo huisha haraka kama mzazi hajui hata binti yuko mtaa gani, kwa hiyo siku anapoondoka, andikeni jina la mwajiri, anapofanya kazi, mtaa na namba za simu mbili: ya mwajiri na ya jirani yake.