Samaki Asiye na Bei Naye Ana Habari



Leo naomba dakika chache tumzungumzie samaki asiye na bei. Hapelekwi mnadani, hapandishwi kwenye mizani, na akinaswa wavuni mvuvi humkung'uta pamoja na takataka. Ni mwembamba kama kalamu. Mwili wake haukuvikwa magamba bali pete za mfupa, na mdomo wake ni mrefu wenye tundu dogo mwishoni, mfano wa mrija wa kunywea soda. Hana meno. Vijidudu vya majini huvinyonya kwa mdomo huo, kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo katika mazungumzo haya nitamwita samaki mrija. Ukoo wake ni mmoja na wa farasi wa bahari, na kama ilivyo kwa ndugu yake huyo, anayebeba mayai mpaka yaanguliwe ni dume, si jike.

Utaniuliza, samaki asiyeliwa ananihusu nini? Anakuhusu kwa sababu ya mahali anapokaa.

Zile pete za mfupa humkinga, lakini pia humfanya asiweze kuogelea kwa kasi. Adui akitokea, hawezi kukimbia. Silaha yake ni kujificha, na ili ajifiche lazima pawepo kitu cha kufanana nacho. Ndiyo maana katika ukoo huu wenye aina zipatazo 300, wengi wako katika maji ya kina kifupi karibu na nchi kavu: kwenye majani ya bahari, kwenye matumbawe, kwenye mikoko na midomo ya mito. Wachache hupanda hadi kwenye maji baridi ya mito yenyewe.

Hapa tusichanganye mambo. Majani ya bahari ninayoyasema si mwani. Ni mimea kamili, yenye mizizi, maua na mbegu, iliyofunika sakafu ya bahari kama malisho ya ng'ombe yanavyofunika bonde. Tunayo Ghuba ya Chwaka kule Unguja, tunayo Ghuba ya Gazi kusini ya Mombasa, na sehemu nyingine nyingi za pwani yetu.

Katika majani hayo yumo samaki mrija mmoja wa rangi ya kijani, ambaye huweza kufikia urefu wa sentimita 28 hivi. Mkia wake hauna pezi. Huuzungusha kwenye jani akashikilia, kisha akayumba nalo maji yanavyoyumba, nawe ukipita juu yake usimwone. Jike hubandika mayai kwenye tumbo la dume, na dume hutembea nayo hivyo hivyo, wazi, bila mfuko. Samaki huyu hupatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Japani na visiwa vya Samoa. Ukitazama ramani utadhani nusu ya dunia ni yake. Lakini ukishuka majini utakuta hana nusu ya dunia. Ana vipande tu, pale penye majani. Yakiondoka majani, ramani inabaki lakini samaki hayupo.

Sasa tuondoke ukingoni twende bahari kuu, maana huko nako kuna jambo la kujifunza. Katika Bahari ya Atlantiki kaskazini yupo samaki mrija afananaye na nyoka, ambaye jike lake hufikia sentimita 60. Huyu ni tofauti na wenzake: huweza kuishi katika maji ya wazi, mbali na pwani, juu ya vilindi visivyo na jani lolote. Kwa miaka mingi alikuwa haonekani sana katika Bahari ya Kaskazini, ile iliyo kati ya Uingereza na Norway. Kuanzia mwaka 2003 hivi, akafurika. Nyavu za watafiti zikamleta kwa wingi, na baada ya miaka michache akaonekana hadi Svalbard, karibu na barafu ya ncha ya kaskazini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, wenyeji hawakupona. Ndege wa baharini wa Scotland, ambao hulea makinda yao kwa vijisamaki vyenye mafuta vya mchangani, wakaanza kuleta samaki mrija kwenye viota. Kumbe chakula hicho kilikuwa mifupa mitupu, kigumu, chenye mafuta kidogo. Makinda yalishindwa kukimeza, na mengine yalikutwa yamekabwa kooni. Baada ya mwaka 2007 idadi ya mgeni huyo ikaanza kushuka. Wapo wataalamu waliosema chanzo kilikuwa kupanda kwa joto la bahari, na wapo ambao hawakuridhika na jibu hilo. Lakini wote walikubali jambo moja: samaki asiye na thamani sokoni alikuwa ametangaza kwamba bahari imebadilika, na ndege ndio waliolipa.

Hapa kwetu habari inaweza kuja kwa njia ya kinyume, yaani si kwa kufurika bali kwa kutoweka. Na yapo mambo yanayoyamaliza majani. Lipo juya, ambalo limepigwa marufuku kisheria lakini bado linakokotwa, likipita chini na kung'oa kila kitu. Upo uvuvi unaomaliza samaki kama kikande, ambaye hula wale wanyama wa duara wenye miiba wanaotuchoma miguu. Kikande akipungua, wenye miiba huongezeka na kuyatafuna majani. Huko Diani na Chale, Kenya, watafiti wameshuhudia maeneo ya majani yakifyekwa kwa namna hiyo.

Kuna na kilimo cha mwani. Kilianza Unguja mwaka 1989, kimewapa akina mama wengi fedha ya mkononi, nami siwezi kuwaambia wakiache. Lakini majani huweza kupungua chini ya kamba za mwani, hasa yanaponyimwa jua au yanapong'olewa ili kusafisha shamba. Basi si busara kupanga vigingi juu ya majani mazito wakati mchanga mtupu upo jirani.

Mkataba wa kimataifa wa CITES uliwaweka farasi wa bahari wote chini ya udhibiti wa biashara mwaka 2004. Ndugu yao mrija hakuingizwa, ingawa naye hukaushwa akauzwa kwa ajili ya dawa za asili za Kichina. Kwa hiyo kinga yake kubwa ni majani yenyewe.

Na hapo ndipo penye maslahi yako wewe mwenye sufuria. Majani yanayomficha samaki mrija ndiyo hayo hayo yanayolea wadogo wa changu, wa pono na wa tafi, au tasi kama wanavyoitwa Unguja. Hao wenye bei wanaweza kuhama, wakatafuta kwingine kwa muda, nasi tukadhani mambo ni shwari. Mrija hana mbio za kuhamia mbali. Nyumba ikibomoka, yeye hubomoka nayo.

Ushauri wangu kwa kamati za wavuvi, na kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe, ni mdogo na hauna gharama. Mnapokung'uta nyavu, mwangalieni aliyejificha kwenye majani. Mrudisheni majini akiwa hai, na mwandike daftarini kwamba leo mmemwona, na wapi. Mwaka ukipita na jina lake halijaandikwa tena, msingoje changu naye apotee ndipo mwite mkutano.