Mtoto wa Kulelewa Aitwe wa Nani?

Huku Kihesa mtu akitwaa yatima huulizwa, Huyu ataitwa wa nani? Wayahudi nao wana swali hilo, hata wale Waafrika wa Mbale, Uganda, ambao kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, aliishika dini hiyo mwaka 1919. Maana kwao mtu aitwapo kusoma Torati hutajwa kwa jina lake na la babaye. Mtoto aliyezaliwa na watu wa mataifa, akiisha kuingizwa dinini, huitwa mwana wa Ibrahimu. Wengine humwita mwana wa mlezi wake, kwa kuwa Talmudi yamhesabu amleaye yatima kama aliyemzaa. Mimi naona hili la pili lamfaa mtoto, asije akaulizwa asili yake mbele ya watu. Lakini mzazi je? Mordekai alimtwaa Hadasa, ndiye Esta, awe binti yake, na bado Maandiko yamwita binti wa Abihaili.