Ganzi ya Mikono na Miguu: Usiseme Haraka ni Upepo Mbaya



Nani kati yetu hajawahi kuinuka kwenye tahiyatu mguu ukiwa umekufa ganzi? Hiyo hupita kwa dakika chache na haina madhara: mshipa wa fahamu ulibanwa, ukaachiwa, ukaamka. Tatizo ni ganzi inayorudi kila siku, au isiyoondoka kabisa.

Mama mmoja wa Mikindani, mbanguaji wa korosho, alikuja baada ya miezi minane ya ganzi mkono wa kulia. Ilimwamsha usiku, akakung'uta mkono ndipo alale. Nyumbani walisema ni upepo mbaya, akanyweshwa kombe. Alipofika kwetu nyama ya chini ya kidole gumba ilikwishaanza kunywea na kikombe kinamponyoka. Dua tusiiache, lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza pia kutafuta tiba.

Kwanza tazama ni vidole gani. Gumba, cha shahada na cha kati: mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kidole cha mwisho na nusu ya cha pete: umebanwa kwenye kiwiko. Jaribu hivi: kutanisha migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, kwa dakika moja. Ganzi ikija, nenda ukapimwe.

Mguuni, anayechuchumaa muda mrefu shambani huweza kubana mshipa ulio upande wa nje wa goti, unyayo ukalegea na kuburuzika. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni mara nyingi huanzia kwenye uti wa mgongo.

Tiba ya mkono huanza na banzi la usiku, kifundo kikiwa kimenyooka, kwa takriban wiki sita, na kupunguza kazi inayokuumiza. Pima kisukari. Kwa wajawazito, mara nyingi hali hutulia baada ya kujifungua. Isipopungua kuna sindano, kisha upasuaji mdogo wa kuufungulia mshipa nafasi. Nyama ikishanywea, huenda isirudi yote.

Jihadharini na jambo moja. Huku kwetu kusini ukoma bado upo, nao huvimbisha mishipa hiyo hiyo. Ganzi ikifuatana na baka lisilo na hisia, wahi kituo cha afya. Dawa ni bure, miezi 6 au 12, na anayewahi huepuka ulemavu.

Miguu yote miwili ikilegea, au ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au ukapata ganzi sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Mwenye ganzi asipime maji ya moto ya udhu kwa kiganja hicho. Ataungua bila kujua. Na ambaye kikao cha swala kinamuumiza, sheria imempa ruhusa ya kuswali juu ya kiti.

Yule mama alifanyiwa upasuaji. Usiku analala, ingawa gumba lake bado halina nguvu ya zamani. Angekuja mwezi wa kwanza, huenda banzi tu lingemtosha.

Wabillahi tawfiq.