Shaka ya Afisa na Sura ya Mburunge

Dodoma ni njia panda. Barabara inayotoka Arusha kupitia Kondoa hukutana hapa na ile ya Dar es Salaam kwenda Singida, na nyingine inashuka Iringa kuelekea mpaka wa Malawi. Juni 2012, porini Chitego wilayani Kongwa, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40 waliokuwa wakisafirishwa kwa siri ndani ya lori. Kwa hiyo ninaposema afisa wa uhamiaji asimshuku mtu kwa sura, sisemi kwamba biashara hiyo ni ya kubuni. Nasema sura haisaidii kuikamata, na uwanda huu wa kati ndio pa mwisho pa kuijaribu mbinu hiyo. Mpangaji wa Kizota anaweza kuzungukwa na Mgogo, Mrangi, Msandawe, Mbarbaig na Mburunge, wote wenyeji wa huku. Kiburunge, kama Kiiraqw cha Mbulu, ni lugha ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Afisa aliyeagizwa kutafuta “sura ya Kihabeshi” stendi anaweza kumshusha kwenye basi Mburunge wa Chemba, huku Mmalawi asiye na kibali akisinzia kiti cha nyuma bila kuulizwa jina.

Tumeshaona yanayotokea shaka ya namna hii inapogeuzwa operesheni. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliendeshwa Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda na Warundi wakaondolewa. Miongoni mwao walikuwemo waliozaliwa Tanzania na waliooana na Watanzania. Ugumu wake unaeleweka: Kiha cha Kigoma na Kirundi vinaelewana, na Mhangaza wa Ngara hatofautiani kwa lafudhi na jirani yake wa ng’ambo. Mpaka ulichorwa na wakoloni, ndimi zikaachwa pande zote mbili. Kenya nayo, Aprili 2014, ilifanya msako wa Usalama Watch mtaani Eastleigh, Nairobi. Watu wapatao 4,000, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na uwanja wa Kasarani ukawa mahali pa kuwahoji. Wasomali raia wa Kenya walikuwa wamewahi kupangwa foleni ya kuhakikiwa peke yao tangu 1989.

Wapo watakaojibu kwamba mwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA hana la kuogopa: anaonyesha, anaendelea na safari. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama sote tungeombwa. Anayeombwa kila mara ni yuleyule, na siku aliyosahau kadi nyumbani ndiyo siku anayolala mahabusu, huku jirani yake aliyesahau vilevile akifika sokoni. Wengine watasema Katiba inatosha, kwa kuwa ibara ya 13 inakataza kumbagua mtu kwa kabila, rangi au mahali alipotoka. Lakini katazo la maandishi halijizuii kuvunjwa. Mfano ni Marekani, ambako sheria ya jimbo la Arizona ya mwaka 2010 iliwataka polisi wakague uhalali wa ukaazi wa mtu waliyemsimamisha wakiwa na shaka ya msingi. Juni 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta vifungu vitatu kati ya vinne vilivyopingwa, kikabaki hicho cha shaka. Mwaka uliofuata jaji wa shirikisho alikuta kwamba ofisi ya sherifu wa Maricopa, kaunti ya jimbo hilohilo, ilikuwa ikiwalenga Walatino kwa asili yao.

Kinachopungua ni karatasi. Afisa aandike, kabla ya kumshikilia mtu, kilichomtia shaka: lori lililofungwa turubai usiku wa manane, dereva asiyeweza kueleza mzigo wake, abiria kumi waliolipiwa nauli na mtu mmoja asiyesafiri nao. Shaka hizo zingeweza kulisimamisha lori la Kongwa lingali na watu hai. “Anafanana na Mhabeshi” likiandikwa kwenye fomu hiyohiyo, hakimu ataliona.