Akiteleza Chuo Kikuu Marekani, Aende Chuo cha Jamii? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi vyuo vikuu vya Marekani vinavyomwonya mwanafunzi ambaye wastani wake wa alama, yaani GPA, umeshuka chini ya 2.0, kisha vinavyomweka chini ya uangalizi kabla ya kumsimamisha. Tuliishia kwenye swali linalowanyima usingizi wazazi wengi wenye watoto huko: abaki apambane, au ahamie chuo cha jamii (community college), kile cha miaka miwili?

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. GPA ya Marekani inaishia 4, si 5 kama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kila somo lina uzito wake wa krediti. Chukua kijana aliyemaliza mwaka wa kwanza, amesomea krediti 30 na ana GPA ya 1.5. Zidisha, utapata pointi 45. Muhula ujao akisomea krediti 15, atahitaji jumla ya pointi 90 ili afike 2.0, yaani apate wastani wa B kwa muhula mzima. Ni kazi, ila inafanyika. Mwenzake amesomea krediti 45 na ana GPA ya 1.2, kwa hiyo ana pointi 54. Ili afike 2.0 kwa krediti 60 anatakiwa awe na 120. Pungufu ni 66. Gawa kwa krediti 15 za muhula ujao, jibu ni 4.4. Hata akizoa A kila somo, hafiki. Kumwambia huyu "kaza buti tu, mwanangu" ni kumwonea.

Kule hakuna sapu. Aliyefeli hurudia somo lenyewe, na vyuo vingi huruhusu alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani kwenye wastani. Ndiyo maana kabla ya kuamua lolote mwanafunzi aketi na mshauri wake wa masomo, wapige hesabu hii kwa namba zake halisi na kwa kanuni za chuo chake.

Akihamia chuo cha jamii, kwa kawaida GPA yake inaanza upya. Krediti huhama, alama hazihami. Masomo aliyopata C au zaidi ndiyo yenye nafasi nzuri ya kupokelewa. Lakini transkripti ya zamani haifi. Siku atakapoomba kurudi chuo kikuu atatakiwa ataje kila chuo alichopitia, na kuficha kimoja kunaweza kumfukuzisha hata akiwa ameshadahiliwa. Zile F zitaonekana. Nazo A na B alizopata baadaye zitaonekana vilevile, na waamuzi wa udahili huangalia sana mtu anaelekea wapi.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni aibu. Mzazi ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe yuko chuo kikuu Marekani. Sasa aseme nini? Afahamu basi kwamba chuo cha kwanza cha aina hii cha umma, Joliet Junior College cha Illinois, kilianzishwa mwaka 1901 kwa msukumo wa William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, kikiwa na wanafunzi 6. Harper aliona miaka miwili ya mwanzo ya shahada inaweza kusomwa nje ya chuo kikuu. California, kwa mpango wake wa mwaka 1960, iliifanya njia hiyo kuwa rasmi, na leo jimbo hilo lina vyuo vya jamii 116. Ada nayo si ya kubeza: kwa mkazi wa eneo husika ni wastani wa takriban dola 4,000 kwa mwaka, wakati chuo kikuu cha umma humtoza mkazi wa jimbo zaidi ya dola 11,000.

Hata hivyo tusipake rangi. Wengi wanaoanzia vyuo hivi husema wanataka shahada, lakini takriban theluthi moja tu ndio wanaovuka kwenda chuo kikuu, na wanaoipata shahada ndani ya miaka 6 ni kama 16 katika kila 100. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi wanaohama vyuo hupoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Wengi huanguka kwa sababu walijiandikisha masomo bila kuuliza chuo wanachokwenda kitayapokea yapi. Uliza mapema, na jibu ulitake kwa maandishi.

Jambo la kupimwa kuliko yote ni kilichomwangusha. Kuna kijana anayebeba boksi: anaingia zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee saa tano, anageuza wagonjwa na kubadilisha mashuka mpaka saa moja asubuhi, saa mbili yuko kwenye kipindi cha kemia, macho mekundu, kalamu imemdondoka. Huyu hakosi akili, amekosa usingizi. Ada ikishuka atapunguza zamu, na chuo cha jamii kitamfaa kweli. Lakini aliyefeli uhandisi kwa kuwa uhandisi aliuchagua baba, au anayezama kwenye sonona asiyoisema, atahama na mzigo wake. Huyo anahitaji kwanza kubadili fani, au kumwona daktari, au hata kupumzika muhula mmoja.

Tena si lazima kila anayekwenda huko arudi chuo kikuu. Mwenye stashahada ya uuguzi ya chuo cha jamii hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye shahada. Watanzania na Wakenya wengi wamepita humo, na hospitalini wanaitwa wauguzi kama wenzao.

Mwanafunzi akishaamua kuondoka chuo kikuu, achunge kalenda. Kila chuo kina tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye somo. Ukijitoa kabla ya hapo unaandikiwa W, ambayo haigusi GPA. Ukitoweka kimyakimya unaandikiwa F. Lakini W nayo ina gharama: anayepokea msaada wa serikali kuu akiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha inarudishwa, na mara nyingi chuo kinamgeuzia deni. Na deni hilo linaweza kuizuia transkripti anayoihitaji ili ahame, ingawa majimbo kadhaa, California ikiwamo, yamepiga marufuku mtindo huo.

Haya ya msaada na ada nafuu ni kwa raia na wakazi. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapati msaada huo wa serikali, ada ya wakazi kwa kawaida haimhusu, na si kila chuo cha jamii kina kibali cha kumpokea. Akijitoa kwa idhini ana siku 15 za kuondoka nchini. Akijitoa bila idhini hana hata moja. Kwa hiyo asiguse kitufe chochote kabla ya kufika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Utaratibu wa kuhamisha kumbukumbu zake kwenda chuo kipya ni mrefu, nao ndio tutakaoueleza juma lijalo.