Kutotia Dawa Bado Si Kilimo Hai

Ukifika Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, utakutana na wakulima wengi wasiotumia mbolea wala dawa za dukani. Je, wote wanafanya kilimo hai? Nami nilidhani hivyo, mpaka likizo ya Julai nilipokaa kwa shangazi yangu. Ana ekari mbili za mikorosho, mihogo na ufuta, pamoja na bustani ndogo kando ya kisima.

Siku huanza kabla ya jua kuchomoza. Kwanza tunazoa samadi kwenye banda la mbuzi, kisha tunamwagilia mchicha na bamia, maana jua likishapanda maji mengi hupotea bure. Baadaye tunaangalia mboji. Rundo lake hupangwa kwa tabaka: majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, na kila tabaka hunyunyiziwa maji. Katikati huchomekwa kijiti kirefu. Shangazi hukichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, vijidudu vinafanya kazi. Kikiwa cha baridi na kikavu, rundo linahitaji maji na kugeuzwa.

Kazi inayofuata ni palizi. Magugu ambayo hayajatoa mbegu hayachomwi; hutandazwa kwenye mashina ya mihogo ili ardhi ya kichanga ishike unyevu, kwa kuwa miezi hii mvua ni adimu. Tunapita pia kwenye mikorosho kukagua machipukizi na maua, yasije yakashikwa na ubwiriunga. Jioni ni zamu ya mwarobaini. Majani yaliyotwangwa na kulowekwa tangu jana huchujwa, na maji yake hunyunyizwa bustanini jua likiwa limeshuka, kwani jua kali huondoa nguvu yake.

Siku moja, mgongo ukiniuma, nilimwuliza, "Shangazi, si tuiache tu ardhi ijilee yenyewe?" Akacheka. "Baba, shamba lililoachwa linaitwa pori."

Jibu hilo lilinirudisha darasani. Aristotle alifundisha kwamba ufundi wa binadamu hukamilisha yale ambayo maumbile hayawezi kuyafikisha mwisho. Mtakatifu Thomas wa Akwino alimfananisha mwalimu na tabibu, ambaye huisaidia nguvu ya kupona iliyomo ndani ya mgonjwa. Mkulima naye haumbi rutuba, bali huisaidia ardhi kuizaa. Kwa hiyo kujizuia kutumia sumu ni nusu ya kazi. Hata kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007 pamoja na alama ya Kilimohai, kinamtaka mkulima atunze rutuba ya udongo, si kuacha kemikali tu.

Lakini kazi hii inadai mikono. Watoto wa shangazi wako Dar es Salaam, nami nimerudi seminarini. Papa Fransisko alituhimiza katika Laudato Si', mwaka 2015, kuitunza nyumba yetu ya pamoja, nasi tunalihubiri hilo kwa urahisi. Tuulize pia nani atageuza mboji kesho asubuhi. Mimi nimemwahidi shangazi wiki mbili za Desemba, wakati wa kupanda. Ni chache, naye ameshazipangia kazi.